Barafu Isiyofika Chepkoilel

Hoki ya barafu ililelewa na wanafunzi kabla haijawa biashara. Mchezo wa kwanza wa ukumbini uliopangwa mapema na kutangazwa gazetini ulichezwa tarehe 3 Machi 1875 katika ukumbi wa Victoria, jijini Montreal, Canada. Aliyeuandaa alikuwa James Creighton, kijana kutoka Halifax. Kila upande uliingiza wachezaji 9, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill. Badala ya mpira walitumia kisahani cha mbao, kwa kuwa mpira ungeruka na kuwaumiza watazamaji. Haikupita miaka mingi McGill wakawa na klabu yao wenyewe, na kutoka hapo mchezo ukasambaa chuo kwa chuo hadi ukavuka mpaka na kuingia Marekani.

Barafu ya siku hizo ilikuwa ya Mungu. Ukumbi ulizuia upepo na theluji tu. Baridi yenyewe ilitoka nje, na hali ya hewa ikipata joto mchezo ulisimama. Mabadiliko yalianzia London mwaka 1876, John Gamgee alipofungua kiwanja kidogo mtaani Chelsea ambacho maji yake yaligandishwa kwa mashine. Kanuni aliyoitumia ndiyo inayotumika hadi leo, na haina tofauti kubwa na ile ya jokofu la nyumbani: mabomba yanalazwa sakafuni, ndani yake hupita kioevu kisichoganda upesi, kama maji ya chumvi au glikoli, kikiwa kimepozwa chini ya nyuzi 0. Maji hunyunyizwa juu ya sakafu hiyo tabaka baada ya tabaka hadi barafu ifikie unene wa sentimita chache. Joto lililoondolewa sakafuni hutupwa nje ya jengo, na kazi hiyo haina mapumziko. Kompresa zikizimika kwa muda, kiwanja kinageuka dimbwi. Mwaka 1949 Frank Zamboni wa California akaongeza gari linalokwangua uso wa barafu na kumwaga maji mapya kwa safari moja, kazi iliyokuwa ikifanywa na kundi la watu wenye majembe na mabomba.

Kwa mashine hizo ukumbi wa barafu ukawa jengo la kudumu, na vyuo vya Amerika Kaskazini vikaufanya sehemu ya uwanja wao kama maktaba au bweni. Princeton ilifungua wake mwaka 1923 na kuupa jina la Hobey Baker, mchezaji wake aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1918. Yale ilimwita Eero Saarinen, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa karne iliyopita, na mwaka 1958 ikapata ukumbi wenye paa lililopinda kama mgongo wa nyangumi. Ukumbi wa Boston Arena ulifunguliwa mwaka 1910, ukawa nyumbani kwa timu ya kulipwa ya Bruins ilipoanza mwaka 1924, kisha mwaka 1979 ukanunuliwa na Chuo Kikuu cha Northeastern. Ulitumika kwa zaidi ya karne moja. Jambo la kuzingatia katika majengo haya si uzuri wake bali ratiba yake. Asubuhi huchezea watoto wa mtaani, mchana wanafunzi wa masomo ya michezo, jioni timu ya chuo, na usiku wafanyakazi wa mjini. Mchezo huota mizizi mahali penye mlango ulio wazi kila siku.

Eldoret haina jengo la namna hiyo, wala hakuna chuo chochote cha Kenya kilicho nalo. Mji huu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwafanya wenyeji wavae makoti mazito, lakini maji ya dimbwini hayagandi. Historia yake ilianza kwenye uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, msafara wa Makaburu ulipopanda na magari ya ng'ombe kutafuta mashamba. Ofisi ya posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba lililopewa nambari 64, ndiyo maana wazee wa huko waliita mji Sisibo. Jina la Eldoret lilifuata mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikatangazwa kuwa jiji la 5 la Kenya.

Walowezi waliojenga mji huu ndio pia waliouachia ardhi ya chuo. Mwaka 1946, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha na serikali ya kikoloni ikitaka kuwavuta walowezi wapya, kulianzishwa kituo cha kuwafunza wakulima wakubwa huko Chepkoilel, kilomita 9 hivi kutoka mjini, kando ya barabara ya Ziwa. Kituo hicho kilidumu hata baada ya uhuru. Mwaka 1984 kikageuzwa chuo cha ualimu wa sayansi, na mwaka 1990 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi kuwa kampasi yake ya sayansi. Mwaka 2010 kampasi ikapandishwa hadhi kuwa chuo kishiriki, na mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kujitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Jina la Chepkoilel lilibaki kwenye mazungumzo ya watu, na uwanja wa michezo wa chuo bado unaitwa hivyo.

Chuo Kikuu cha Moi chenyewe kina uhusiano na Canada ambao wengi hawaukumbuki. Mwaka 1981 serikali iliunda tume ya kuchunguza haja ya chuo kikuu cha pili nchini, na mwenyekiti wake alikuwa Colin Mackay, Mkanada aliyekuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha New Brunswick kuanzia 1953 hadi 1969. Tume ilishauri kijengwe chuo chenye mwelekeo wa sayansi na teknolojia, kikae mashambani badala ya Nairobi. Kesses, kusini mwa Eldoret, ndiko kilikojengwa, na mwaka 1984 wanafunzi wa kwanza, 83 waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaanza masomo. Chuo alichotoka Mackay ni miongoni mwa vyenye nguvu zaidi katika hoki ya vyuo vya Canada: ukumbi wake wa barafu ulifunguliwa mwaka 1976, na katika msimu wa 2023 na 2024 timu yake ya wanaume haikupoteza mchezo hata mmoja. Mackay aliwaletea Wakenya mpango wa chuo cha Kikanada kwa mambo mengi. Ukumbi wa barafu haukuwemo, na haungekuwa na maana kuuweka: fedha za kompresa zingejenga maabara.

Kilichowekwa badala yake ni njia ya kukimbilia. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa shule na chuo karibu kila kimoja kina kiwanja cha mviringo, na wanariadha wa mtaani huingia humo pamoja na wanafunzi. Iten, kilomita 30 na kitu kutoka Eldoret, Shule ya St. Patrick's ilianza kuzalisha mabingwa baada ya Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland kufika hapo mwaka 1976 kufundisha jiografia. Chini ya mwinuko wa Iten, chuo cha ualimu cha Tambach kina njia ya udongo inayojulikana na wakimbiaji wa mataifa mengi. Iten penyewe kuna Kamariny, uwanja wa udongo uliotazamana na Bonde la Kerio, ambao ukarabati wake ulikwama na kuwaacha wanariadha wakitafuta mahali pengine kwa miaka. Mbali na huko, chuo cha ualimu cha Kigari huko Embu ndicho kilichokuwa kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika katika miaka ya ushindi mkubwa. Eldoret mjini ina Uwanja wa Kipchoge Keino, uliopewa jina la mshindi wa mita 1,500 wa Mexico City mwaka 1968. Humo ndimo yalimofanyika majaribio ya kuchagua timu ya Kenya ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Chepkoilel imo katika mlolongo huo huo: uwanja wa chuo unaotumiwa na wanafunzi, klabu na wanariadha wanaolipwa.

Hata hivyo Kenya haikukosa barafu kabisa. Kwenye Mlima Kenya, chini ya barafuto la Lewis, kuna kidimbwi ambacho wapanda milima Wazungu wa miaka ya 1920 walikiita Curling Pond kwa sababu walicheza juu yake curling, mchezo wa Waskoti wa kusukuma mawe juu ya barafu. Huo ulikuwa mchezo wa wageni wachache mahali pasipo kijiji wala shule, na hata barafu yenyewe inakwisha: kati ya 1934 na 2010 barafuto la Lewis lilipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake.

Mtu aliyeiunganisha Eldoret na baridi kwa kweli ni Philip Kimely Boit. Alizaliwa Eldoret tarehe 12 Desemba 1971, katika ukoo wa Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972 na ambaye baadaye alisomea vyuo vikuu vya Marekani na kuwa profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mzuri lakini si wa kutosha kuingia timu ya taifa, jambo ambalo katika Uasin Gishu si aibu. Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ilitaka kujua kama mapafu ya mkimbiaji wa Kenya yangeweza kushindana katika mbio za theluji. Ilimchukua Boit pamoja na Henry Bitok na kuwapeleka Finland. Hawakuwa wamewahi kuiona theluji.

Swali la Nike lilikuwa la biashara zaidi ya sayansi, lakini jibu lake lina mafunzo. Mbio za skii zinataka moyo na mapafu kama mbio za miguu, na hapo mkimbiaji wa Kenya hana upungufu. Zinataka pia mikono na mgongo, kwa kuwa mkimbiaji hujisukuma kwa fimbo, na zinataka mizani ya mwili ambayo mtoto wa Norway huipata akiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Boit alianza akiwa na miaka 24. Akiwa nyumbani alifanya mazoezi kwa skii za magurudumu juu ya barabara za lami. Theluji ilibaki kitu cha kusafiria.

Tarehe 12 Februari 1998 alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10 huko Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki za majira ya baridi na mwakilishi pekee wa nchi yake. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92 na wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alikuwa ameshinda dhahabu yake ya 6, idadi ambayo hakuna mwanamume aliyekuwa ameifikia kabla yake katika michezo hiyo, na waandaaji walikuwa tayari kumpa nishani. Akakataa kuondoka mpaka Mkenya afike, na alipofika akamkumbatia. Picha ya wawili hao ilizunguka dunia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na urafiki wao ukadumu.

Tukio hilo limesimuliwa sana kama kisa cha moyo wa kimichezo, na ni haki. Kinachosahaulika ni yaliyofuata. Udhamini wa Nike haukudumu, lakini Boit aliendelea. Alishindana Salt Lake City mwaka 2002 na Turin mwaka 2006, akakosa kufuzu kwa Vancouver 2010, na mwaka 2011, akiwa anakaribia miaka 40, akashiriki mashindano ya dunia huko Oslo. Kila msimu ulihitaji mfadhili, viza na mwenyeji wa kumpokea Ulaya. Eldoret haikuwa na mahali pa kumfundishia kijana hata mmoja alichokipata, hivyo ujuzi wa miaka 15 haukurithiwa. Mwakilishi aliyefuata wa Kenya, Sabrina Simader, aliyeshindana Pyeongchang mwaka 2018 katika skii za kushuka mlima, alizaliwa Kenya lakini alikulia Austria, kwenye miteremko ya huko.

Hoki ya barafu iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu ndani ya jengo lake, cha kwanza katika Afrika Mashariki. Kilikusudiwa burudani: familia za Jumapili, watalii, sherehe za watoto. Ni kidogo kuliko kiwanja rasmi cha kimataifa, ambacho kina urefu wa mita 60 hivi na upana unaoweza kufika mita 30, na pembe zake hazikuchorwa kwa ajili ya kisahani kinachorushwa kwa kasi. Waliokigeuza kiwanja cha hoki ni Wamarekani na Wakanada waliokuwa wakifanya kazi Nairobi. Walikuja na viatu vyao vya makali na magongo, wakacheza jioni, kisha wakaanza kuwafundisha vijana wa Kenya. Wengi wa vijana hao hawakuwa wageni wa kuteleza, maana walikuwa wamejifunzia lami za Nairobi kwa viatu vya magurudumu. Kutoka kundi hilo ikatokea timu ya Ice Lions katikati ya miaka ya 2010.

Tatizo la Ice Lions lilikuwa la ajabu kidogo: timu haikuwa na mpinzani. Hakukuwa na timu nyingine nchini wala katika nchi jirani, hivyo wachezaji waligawanyika na kuchezana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, iliwasafirisha hadi Canada, ikawapa vifaa kamili na kuwachezesha mchezo wao wa kwanza dhidi ya timu nyingine, nyota wa ligi kuu Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakivaa jezi ya Kenya upande wao. Filamu fupi iliyotengenezwa ilitazamwa na watu wengi sana. Kama Nike miaka 22 kabla yake, kampuni ilipata tangazo zuri, na wachezaji wakarudi kwenye barafu ile ile ya hoteli. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mahali pa kurudi. Barafu hiyo ni ndogo, ya kulipia kwa saa, lakini ipo nyumbani, na ndiyo maana kazi ya Ice Lions iliendelea pale ambapo ya Boit ilikoma. Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu liliikubali Kenya kuwa mwanachama mshiriki, nchi ya 5 ya Afrika baada ya Afrika Kusini, ambayo imo tangu 1937, Morocco, Algeria na Tunisia.

Ulinganisho ulio karibu zaidi ni hoki ya magongo ya nyasi, ambayo Wakenya waliipokea kutoka kwa Waingereza na Wahindi. Mwaka 1971, chini ya nahodha Avtar Singh Sohal, Kenya ilimaliza ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza huko Barcelona. Timu ile ilitoka kwenye shule na klabu za Nairobi zilizokuwa na viwanja vyao. Siku hizi vyuo kama Strathmore na USIU ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya mchezo huo, na uwanja wa City Park uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 umekuwa kitovu chake. Hadhi ya mwaka 1971 haijarudi, lakini mchezo haujafa, kwa kuwa mwanafunzi anayetaka kuucheza anajua pa kwenda.

Kujenga ukumbi wa barafu katika kampasi ya Eldoret kungewezekana kiufundi. Uganda na Kenya zina wahandisi wa majokofu wanaotunza maghala ya maua, samaki na maziwa, na baridi ya Uasin Gishu ingepunguza kazi ya kompresa ikilinganishwa na Nairobi, seuze Mombasa. Kinachozuia ni umeme wa kila saa, bei yake, na swali ambalo baraza lolote la chuo lingeliuliza kwanza: nani atacheza siku ya Jumanne asubuhi? Vyuo vya Canada vililijibu swali hilo katika karne ya 19, kwa kuwa wachezaji walikuwepo kabla ya jengo na barafu ilikuwa bure. Kenya ingelazimika kuanza na jengo. Njia nafuu zaidi ni ile iliyowatoa Ice Lions wenyewe, yaani sakafu laini na viatu vya magurudumu, vitu ambavyo chuo kinaweza kuvimudu bila kugandisha tone la maji.

Kwa sasa mwanafunzi wa Chepkoilel anayetaka kushika gongo juu ya barafu ana safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Anayetaka kukimbia anavuka ua wa chuo.